Jina Juu ya Kifuniko

Lusungu mwanangu,

Asubuhi ya leo nimeingia jikoni nikakutana na harufu ya plastiki iliyoungua. Nilidhani umechoma ndoo yangu. Nikachokoa majivu kwa mwiko, nikaona kipande cha ile filamu ya eksirei uliyokatia jina la baba yako, kimejikunja, herufi mbili tu zimebaki. Sikukuuliza. Ulikuwa nje unafunga begi, na mimi sikujua nianzie wapi. Sasa umekwenda kuagana na baba yako mkubwa, nami nimekaa kwenye cherehani, nimesukuma vitambaa pembeni, naandika. Barua nitaiweka katikati ya mashati yako. Ukiiona usiku huu usiifungue. Isome kesho gari likishapita Mafinga, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kubishana na mimi.

Mambo ya kufua, ya kula, ya kutomwazima kila mtu chaja yako, nimeshayasema mpaka umenuna. Hayo yaishie hapo.

Jana ulimwambia Fundi Yusto, katikati ya majeneza yake, mimi nikisikia, kwamba huko chuoni utachora kila watakachokutuma isipokuwa maandishi ya kugeuza. Fundi alicheka akidhani unatania. Mimi sikucheka. Unakwenda Dar es Salaam kusomea kuchora nembo, na kile Mungu alichokupa kuliko wenzako umekitia motoni kwa sababu ya kosa ambalo si lako. Kosa ni langu. Nimelitazama likikaa mgongoni mwako tangu ukiwa mtoto wa shule, nikanyamaza, nikakupikia ugali, nikakwambia kula.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana mwanzo wake ulikuwa mzuri na sitaki uusahau.

Ulikuwa kidato cha tatu. Uliona kwenye simu ya mwalimu wako nembo ambayo ukiipindua juu chini inasomeka vilevile, ukarudi nyumbani kama mtu aliyepagawa. Ulichora kwenye madaftari, ulichora kwenye vumbi la vioo vya magari ya watu, siku moja nikakukuta unachora kwenye unga wangu wa chapati na nikakutandika mwiko wa mkono. Baba yako wakati huo ananunua viazi kule Igwachanya na kupakia malori hapa Makambako, na kila gunia lazima lipigwe jina lake kwa rangi nyekundu ili likifika sokoni Dar lisichanganyike na la mwingine. Vijana wake walikuwa na haraka. Wanalaza gunia hovyo, wanaweka kiolezo cha matundu ya herufi hovyo, nusu ya majina yanasimama kwa kichwa. Wanunuzi walimpigia simu kumtania, "Samwel, leo umefunga mzigo na ulanzi kichwani?" Alicheka nao, lakini akikata simu alikuwa amekasirika.

Ndipo ukalichukua jina lake. Ukaona kitu ambacho sisi tuliolitamka miaka yote hatukukiona, kwamba m ikipinduliwa ni w, na a ndogo ikipinduliwa inakaribia kabisa kuwa e. Katikati ya jina kazi ilikuwa imeshafanyika yenyewe. Zilizokusumbua ni S ya mwanzo na l ya mwisho. Ulihangaika nazo mpaka ukaipinda l kiuno na S ukainyoosha shingo, zikakubaliana. Ukakata kwenye eksirei ya mguu wa bibi yako, ukapiga gunia la kwanza palepale uani.

Baba yako alilitazama. Akazunguka gunia akasimama upande wa pili, akalitazama tena.

"Hebu lipindue," akawaambia vijana.

Wakalipindua. Akasoma jina lake, akashika kiuno.

"Bado ni mimi," akasema. "Nikipinduka bado ni mimi."

Tangu siku hiyo kijana aweke kiolezo namna yoyote, lori limwage gunia namna yoyote, jina linasomeka. Mimi si mtu wa michoro, lakini nilikuelewa kwa njia yangu ya cherehani. Kitenge chenye ndege waliosimama kinakula kitambaa, maana lazima kila kipande ukikate ndege akiwa amesimama. Kitenge chenye maua yasiyo na juu wala chini unakikata utakavyo, hakuna kinachotupwa. Tena jicho linapenda kudanganywa kidogo halafu lionyeshwe ukweli. Watu walikuwa wanainamisha shingo mbele ya magunia yale, wanacheka wenyewe. Baba yako alitembea na kofia yenye jina lile, kanisani akivua anaishika ili jirani alione. Nilimwambia anajivuna. Akasema, "Mwache mzee ajivune, mtoto amenipa uso mwingine."

Unajua jinsi alivyougua. Sitarudia. Alikwenda hospitali Njombe akitembea na akarudi kwenye gari la Fundi Yusto amelala.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ulipobebeshwa.

Wewe unajua kwamba miaka yote nimemshonea Fundi Yusto vitambaa vya ndani ya majeneza, na mito midogo ya kuwekea kichwa. Nilianza kabla hujazaliwa. Hakuna mtu hapa kijijini Mahongole anayejua jeneza kuliko sisi wawili. Na majeneza ya Fundi, kama ulivyoyaona, ni sanduku la mpaini lililonyooka, halina mabega wala kioo, kichwani na miguuni ni upana mmoja. Kinachowaambia wabebaji kichwa kiko wapi ni jina. Fundi analiandika kwenye kifuniko ili mtu aliyesimama miguuni alisome sawasawa. Wabebaji wakifika kaburini wanatazama maandishi, wanajua. Hawahitaji kuuliza. Kichwa kinakwenda magharibi, miguu mashariki, ili siku ya kufufuka marehemu akiinuka awe anatazama jua linakotoka. Wazee walifundisha hivyo na mchungaji naye hapingi.

Ulipokuja karakana na kiolezo chako mkononi, macho yamevimba, hujala tangu habari ilipofika, ukasema unataka kumwandikia baba jina lake mwenyewe, lile alilolipenda, Fundi Yusto aliniangalia. Alisema polepole, "Mama Lusungu, jina hili halina miguu."

Nilimwelewa. Usije ukajidanganya kwamba sikumwelewa. Nilijua papo hapo anachosema, na nikamjibu, "Mwache mtoto aandike. Mto si nimeuweka mimi? Kichwa kiko wapi nitakumbuka."

Wewe hukusikia. Ulikuwa unachanganya rangi.

Fundi hakuweza kuja kwenye ibada, alikuwa na jeneza jingine la kumaliza, akasema atatukuta makaburini. Na ibadani, mwanangu, nitakueleza kitu ambacho sijamwambia mtu. Watu walipopita kutoa heshima, waliinamisha shingo. Walipita kushoto wakasoma Samwel, wakarudi kulia wakasoma Samwel, wakanong'onezana. Kijana mmoja alitoa simu akapiga picha. Na mimi, niliyekaa mbele kwenye kiti cha mjane na khanga kichwani, nilijisikia fahari. Mume wangu amelala hapo na mimi nafurahia kwamba watu wanamsifu mtoto wangu. Siku zote nimeomba msamaha kwa hilo kuliko kwa yale mengine, sijui kwa nini.

Lile sanduku lilizungushwa kutoka kwenye gari, likapokelewa na wengine, likazungushwa tena kukwepa makaburi ya zamani. Walipofika shimoni wakasimama. Walitazama kifuniko. Binamu yako Enoki, aliyeshika upande wa mashariki karibu nami, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kichwa kiko upande upi?"

Wengine waliendelea kuimba, hawakusikia. Nilikuwa nimesimama upande wa mashariki, na jina lilikuwa linanitazama limekaa sawa kabisa. Miaka yote hiyo macho yangu yamezoea kwamba ukilisoma jina sawa umesimama miguuni. Nikasahau mto, nikasahau Fundi, nikasahau maneno yangu mwenyewe. Nikanyoosha mkono kuelekea magharibi nikasema, "Kule."

Enoki alisita. Akasema, "Mbona upande huu wa kwetu ndio mzito?" Baba mkubwa wako hakujua ninaulizwa nini, yeye aliona watu wamesimama tu, akakemea, "Jina si linasomeka? Shusheni." Wakashusha.

Ndivyo ilivyokuwa. Mkono ulikuwa wangu.

Fundi alifika udongo ukiwa umeshaanza kuingia. Aliona kwenye ubao wa upande lile fundo kubwa la mti alilolikumbuka, ambalo alikuwa ameliweka miguuni, likiwa magharibi. Hakusema mbele ya watu. Alikaa nalo mpaka siku ya kuanua tanga, na hapo akaona ukoo una haki ya kujua, akamwambia baba mkubwa wako faragha. Faragha haikudumu hata chungu kuchemka. Baba mkubwa alisimama katikati ya uwanja, watu wana sahani mikononi, akakuonyesha kwa kidole. Akasema mtoto huyu kwa ujanja wake wa kalamu amemlaza ndugu yangu kinyume, msalaba wetu umesimama kwenye miguu yake.

Ulikuwa umeshika jagi la maji ya kunawisha. Sitasahau. Ulinitazama mimi, wala hukumtazama yeye. Ulikuwa unangoja niseme kitu, kwa sababu mama ndiye hutetea.

Na mimi nikaangalia chini.

Nikuambie kwa nini, na usinionee huruma. Mimi hapa ni mtu wa kuja. Nimeolewa kutoka mbali, mume amekufa, nyumba iko kwenye ardhi ya ukoo, shamba la mahindi ni la ukoo, hata mti wa parachichi alioupanda baba yako umesimama kwenye udongo wao. Nilipiga hesabu hiyo haraka sana, haraka kuliko nilivyowahi kufikiri jambo lolote. Nikajiambia, mtoto ni damu yao, watamkemea lakini hawatamfukuza. Mimi wakijua ni mkono wangu wataniambia nifunge virago. Basi nikauacha mzigo ukukalie wewe mwenye mifupa ya kwao. Enoki naye alinyamaza. Nadhani alinistahi, au aliona aibu kumtaja mjane.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nimeona mzigo wa mwanangu na nikajua uzito wake kila siku, na bado sikuupokea.

Mwaka ule ukungu ulikula viazi vya baba mkubwa, akasema ni ndugu yake anahangaika. Ng'ombe akafa, ikawa ni ndugu yake. Alitaka kaburi lifukuliwe, mchungaji akakataa, mimi nikakataa, ikaachwa hivyo, ila kila ilipotajwa wewe ulitoka nje. Uliacha kuchora kabisa. Uliporudia, miaka baadaye, ulichora mabango ya saluni na ya maduka ya pembejeo, mazuri, yamenyooka, yana juu na chini, na watu walisema Lusungu ametulia. Mimi nilijua hukutulia. Nimekuzaa, najua tofauti ya mtu aliyetulia na mtu anayeogopa.

Nimeyafikiria sana maandishi yako hayo, mimi mshona vitambaa. Kwenye gunia yalikuwa baraka. Kwenye kifuniko yalitupotosha. Jina lilikuwa lile lile. Gunia halijali limelalaje, maiti ndugu zake wanajali. Wewe ulikuwa mtoto, kazi yako ilikuwa kulifanya jina lipendeze, na ulilifanya. Aliyetakiwa kuuliza kitu hiki kitabebwa na nani, na huyo anayebeba atatafuta nini juu yake, ni mimi niliyejua. Huko uendako watakufundisha rangi na kompyuta. Sidhani kama watakupeleka ukasimame na wapakiaji. Nenda mwenyewe. Ukisharidhika kwamba anayebeba hatapotea, chora mpaka shingo za watu ziume.

Sasa nikwambie la Jumapili iliyopita. Wewe ulikuwa kwaya. Nilikwenda kwa baba mkubwa wako peke yangu. Alinipa kigoda, akauliza kama nimekuja kuomba nauli yako. Nikamwambia hapana, nauli tunayo. Nikamwambia, "Shemeji, aliyeonyesha upande wa kaburi ni mimi. Fundi alinionya kabla. Mtoto hajui lolote."

Akauliza, "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa utanifukuza."

"Ningekufukuza," akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema tu kama mtu anayethibitisha. Nikamuuliza na sasa je. Akasema hilo si lake peke yake, mavuno yakiisha ukoo utakaa. Niliposimama kuondoka akaniita. Uso ulikuwa umemshuka, sijawahi kumwona vile. Akasema, "Mwambie mtoto aje kuniaga. Mimi sitajua pa kuanzia, lakini aje." Nilimwomba asikueleze lolote, kwamba nitakueleza mwenyewe. Ndiyo maana leo umeitwa kwake, wewe uliyeniuliza mlangoni, "Mama, mzee huyu ananitakia nini?" Kama amekupa kuku, mchukue. Kama amekaa tu anakutazama, basi ndivyo alivyoweza.

Sijui ukoo utasema nini. Inawezekana ukirudi likizo utanikuta hapa, inawezekana utanikuta nimepanga chumba Makambako mjini karibu na stendi, na cherehani yangu. Usiache masomo kuja kunitetea. Hiyo ilikuwa zamu yangu na niliipitisha, usinilipie. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, una haki, na usijibu barua hii mpaka hasira iishe hata ikichukua muda. Nitangoja. Sitaki unisamehe kwa haraka ili nilale vizuri.

Lakini jambo moja nitakuomba, na ni zito, nimelizungumza na Fundi Yusto tayari, amekubali.

Nyumba wanaweza kuchukua. Shamba wanaweza kuchukua. Kiwanja kilichobaki pembeni ya baba yako nilipewa mbele ya mchungaji siku ileile ya mazishi, na baba mkubwa mwenyewe alikipima kwa hatua zake, hicho hawaninyang'anyi. Nikifa nitalazwa hapo. Wao watataka kuniweka kama wengine wote, kichwa magharibi. Baba yako kichwa chake kiko mashariki, kwa mkono wangu. Kumfukua hawatamfukua tena, udongo umeshamzoea.

Kwa hiyo siku hiyo utakuja na kiolezo kipya. Jina langu ni gumu, najua, Tabitha halina m wala w ya kukusaidia, T na ile a ya mwisho zitakutesa. Una muda, anza sasa, ndiyo sababu nakwambia ukiwa unakwenda kusoma. Liandike juu ya kifuniko lisomeke pande zote mbili, ukoo wote uinamishe shingo na asiwepo hata mmoja anayejua nimelalaje, isipokuwa Fundi akiwa hai, na wewe. Kisha wewe ndiye unyooshe mkono. Onyesha mashariki. Wakibisha, waambie mama alisema kichwa chake kiwe kule, na ujibu kwa sauti, usiangalie chini kama nilivyoangalia mimi.

Nimelala kitanda kimoja na Samwel miaka yote ya ndoa yetu, tukigombana, tukipatana, akikoroma. Sijawahi hata siku moja kulala nimempa miguu, na sitaanza kaburini.

Mama yako,
Tabitha